Ukoko wa Sufuria ya Kwanza

Watu wa Kuze wakimtaja Amtulla husema, "Ah, yule mwanamke mkali," kisha hunyamaza, kana kwamba habari imekwisha hapo. Haijakwisha. Mimi nilipakana naye ukuta kwa ukuta tangu alipoletwa bibi harusi, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mawe na chokaa iliyochoka, unapitisha hata kikohozi. Niliyoyasikia nimeyasikia, na niliyoyaona nimeyaona. Hao wanaomwita mkali hawakupata kulala upande ule hata siku moja.

Alikuwa binti wa Ghulam, fundi bati wa Makupa, Wahindi waliozaliwa papa hapa Mvita. Wakigombana ni kwa Kikachi, wakipatana ni kwa Kiswahili, na sisi majirani tulijua lugha zote mbili. Mamake Amtulla alikuwa na amri moja nyumbani kwake: baada ya chakula cha usiku hapana alalaye kabla hajapiga mswaki, mkubwa kwa mdogo, na mtoto ambaye hajaota meno alifutwa ufizi kwa kitambaa cha maji ya chumvi. Aliyekataa alifinywa paja mpaka akakumbuka. Amtulla alikua kwa kufinywa hivyo, na alipoingia kwa mumewe alikuwa na meno meupe yaliyojipanga, wanawake wa mtaa wakamwonea wivu. Mimi nilikuwa mmoja wao, sioni haya kusema.

Mumewe ni Jusab, mpika halua. Haki ya mtu apewe: halua ya Jusab ilikuwa halua, ukiitia mdomoni unasahau deni na uadui. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi. Alimpiga mchukuzi kwa kumwaga samli, alimpiga punda wa mwenye mkokoteni kwa kusimama mlangoni pake, na mara moja alimpiga mteja kwa kusema kwamba leo iliki imezidi. Jiko lake lilikuwa chini, vyumba juu, na kati yake ngazi ya mbao iliyolia kila mtu akipanda.

Nyumba ile ilikuwa na mila yake. Kila alfajiri, sufuria ya kwanza ikishamiminwa, mamake Jusab, Sugrabai, aliukwangua ukoko, ule utamu mgumu mweusi unaoganda chini ya shaba, akautia kinywani mwa mtoto mdogo kuliko wote nyumbani. Mdogo asipoonja, biashara itakauka. Ndivyo walivyoamini tangu kwa babu yao. Ukoko uliobaki aliuviringa ndani ya kipande cha bafta, kitambaa chembamba cheupe, akakaza kwa uzi, kikawa kitu kama chuchu. Mtoto alinyonya hicho mchana na usiku, akalala nacho mdomoni. "Mtoto wa nyumba ya halua halii," Sugrabai alizoea kusema, naye kinywani mwake hamkuwa na jino hata la dawa.

Mtoto wa kwanza wa Amtulla alipozaliwa, Noormohamed, sisi tukimwita Nooru, Amtulla alijaribu kusema.

"Ma, utamu ukilala na mtoto hula meno. Kwetu hatufanyi hivi."

"Meno ya maziwa ni wageni, bibi," Sugrabai akamjibu. "Waja, waenda zao. Wewe umeletwa hapa kuzaa au kutufundisha kula?"

Jusab hakungoja jibu. Nililisikia kofi upande wangu, nikiwa nachambua mchele. Amtulla alikuwa bado kijana mdogo, akaacha mila iendelee.

Nooru alikuwa mtoto mzuri, mwenye macho makubwa na kicheko cha haraka. Meno yalimtoka meupe kama ya mtoto yeyote. Kabla hajatembea sawasawa yalikuwa na mistari ya chokaa karibu na ufizi. Kisha yakawa manjano. Na alipoanza kusema maneno kamili, ya mbele yalikuwa visiki vyeusi. Maumivu yakaanza. Mtoto alikuwa akigonga kichwa ukutani, ukuta huu wetu, na mimi ng'ambo ya pili nikaweka kiganja pale anapogonga, kama mjinga, kana kwamba ningemfikia. Babake alipanda ngazi na kumchapa ili anyamaze.

"Nyamaza! Jino gani hilo la kumliza mwanamume hivyo?"

Alipochoka kumchapa alimwita Muhdhar kinyozi, aliyekuwa pia akitahiri na kung'oa meno. Amtulla alifungiwa juu kwa komeo. Chini, jikoni, Jusab alimkalia mtoto miguu, Sugrabai akamshika kichwa, Muhdhar akaingiza koleo. Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma kwa sababu sauti ile haikuwa ya kuvumilika, nikawakuta hivyo. Jino likakatika. Mzizi ukabaki. Muhdhar akatema mate, akaingiza tena koleo, akachimba, damu ikamtiririka mtoto mpaka kifuani na kulowesha kanzu ya kinyozi. Juu, Amtulla alikuwa akiupiga mlango. Baadaye niliona viganja vyake vimepasuka. Kazi ilipokwisha Sugrabai alimbembeleza mjukuu wake. Alimbembeleza kwa nini? Kwa bafta yenye ukoko. Nikasema, "Bi Sugra, huogopi Mungu?" Akanitazama kama aliyesikia mbwa akibweka.

Shavu likavimba. Kisha shingo, ikawa nene na ngumu, mtoto hamezi hata mate yake. Walimpeleka hospitali wamechelewa, na mimi nikaenda nao kwa sababu Amtulla alinishika nguo hakuniachia. Aliyempokea alikuwa mhudumu wa vidonda, Barnabas Oloo, mtu wa bara, mrefu, mpole wa mikono. Daktari alipasua chini ya taya, usaha ukatoka hadi harufu ikatujaza machozi, na haukusaidia kitu. Nooru alikufa adhuhuri, mkono wake ndani ya mkono wa mamake. Barnabas ndiye aliyemfumba macho.

"Mama, pole sana," alisema. "Huyu hakuanza kuumwa jana. Alikuwa analala na nini mdomoni?"

"Halua," Amtulla akajibu.

"Basi Mungu akikupa mwingine, asilale na kitu kitamu. Kamwe. Na mfute meno kila jioni tangu jino la kwanza. Haya ya maziwa yana mizizi kama mengine, yakioza sumu huteremka."

Jusab alikuwa nyuma yetu. "Wewe boi wa hospitali, wamwambia mke wangu nini?" Akainua mkono. Barnabas akaudaka kifundoni, akausokota, na Jusab wa Kuze, aliyepiga watu na punda, akashuka magoti hadi kidevu chake kikagusa kitanda cha mwanawe.

"Mzee," Barnabas akamwambia, bila kupaza sauti, "nimefumba macho ya mtoto wako sasa hivi. Usinifanye nifumbe na yako."

Batul alizaliwa katikati ya vita vikuu vya pili, wakati sukari ilipokuwa ikitolewa kwa kipimo na wapika halua wote wa mjini wakilia. Jusab alipika kidogo, mara nyingine kwa sukari guru iliyojaa mchanga. Ungedhani basi ukoko nao utapumzika. Wapi! Biashara ilipokuwa mbaya ndipo Sugrabai alipozidi kushika mila, na aliyekuwa mdogo nyumbani sasa ni yule msichana.

Amtulla alimaliza arobaini yake, akashuka ngazi, akasimama mbele ya mumewe na mkwewe. Mimi nilikuwepo, nimeleta uji.

"Nawaambia wote. Mtu yeyote akimtia mtoto huyu kitu kitamu alale nacho, n'tamvunda mkono. Mmoja mumenilia. Huyu hamumli."

Sugrabai alicheka. Kesho yake alfajiri akamtia mtoto bafta mdomoni, ingawa hata jino moja halijachungulia. Amtulla akaitoa, akaitupa motoni. Sugrabai akavua kiatu akampiga nacho usoni. Jusab akauchukua mwiko wa halua, ule mrefu wa mti mgumu unaoshikwa kwa mikono miwili, akampiga nao mgongoni mpaka akaangukia magunia. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Na iliyofuata.

Mwanzoni nilimsikia akilia. Kisha akaacha kulia, nikawa nasikia mwiko peke yake, na hapo niliogopa kweli. Nilikwenda nikasimama mlangoni.

"Jusab, utaua mtu."

"Bibi, kwako hakuna kazi?"

Wazee wa jamaa yao wakaitwa. Wakaketi, wakanywa chai, wakala halua, wakamwambia Amtulla amtii mkwewe kwa sababu mkwe ni mama. Nikikumbuka zile ndevu zilizopakwa hina zikitingishika kwa hekima, hata leo natamani kutukana. Hakuna aliyeuliza habari za Nooru. Amtulla aliwasikiliza na shela imemfunika jicho lililovimba, akawapa maji ya kunawa, akapanda juu kumfuta mtoto ufizi.

Kwani hilo hakuliacha. Kila jioni alimlaza Batul mapajani, akamfuta kwa kitambaa cha maji ya chumvi, na meno yalipotoka akautafuna mwenyewe mswaki mpaka ncha ikawa laini, ndipo akamsugua nao, nje na ndani, moja moja. Kwanza alijisugua yeye, mtoto anamtazama, kisha mtoto. Batul aling'ata. Vidole vya Amtulla vilikuwa na makovu ya meno ya mwanawe. Vitamu hakumnyima kabisa, yeye si kichaa. Siku ya Idi alimpa pamoja na chakula, akamsukutua kwa maji, basi. Lakini kulala nacho, hapana.

Alasiri moja, Amtulla akiwa bafuni, Sugrabai akapata nafasi yake. Amtulla alirudi na maji yanamdondoka, akakuta mtoto amelala, shavu limejaa. Akaingiza kidole, akakwangua ule utamu kwa nguvu mpaka ufizi ukatoka damu, mtoto akalia hadi akakauka sauti. Mimi nikakimbia kwao.

"Shoga, wamuumiza mtoto!"

"Nnajua," alisema. "Wacha alie na kidole changu. Asije akalia na koleo."

Nikamletea kitambaa cha maji ya chumvi.

Sasa ikafika asubuhi ile. Halua ya Jusab ilikuwa imekataa kushika, sufuria baada ya sufuria, yatoka maji kama uji. Mimi ningesema ni sukari guru yenye mchanga, na nilisema. Sugrabai akasema ni kwa sababu mdogo wa nyumba haonjeshwi. Hata hivyo nilikuwa na wageni, nikaenda mapema na sinia yangu ya shaba nipate kidogo, nikawa nimesimama mlangoni pa jiko nilipomwona Jusab akishuka ngazi na Batul amembana kwapani. Mtoto ana nguo ya kulalia. Macho ya Jusab yalikuwa mekundu kwa moshi na hasira.

"Ma, lete," akasema.

Sugrabai akaleta ukoko kwenye ncha ya kijiko, bado unatoa mvuke. Jusab akamminya mtoto mashavu kwa kidole gumba na shahada mpaka taya zikafunguka. Mtoto alipiga ukelele alipoguswa na joto lile.

Amtulla alishuka miguu mitupu. Ngazi ile iliyomlilia kila mtu sikuisikia ikilia. Mwiko ulikuwa umeegemea ukuta. Akaushika kwa mikono miwili, akauzungusha, ukampata Jusab katikati ya mdomo. Nimesikia nazi nyingi zikivunjwa maishani mwangu. Jusab akarudi kinyumenyume, akamwachia mtoto, nikamdaka Batul kabla hajafika sakafuni. Meno ya Jusab mawili yalikuwa mavumbini na moja limezama katika halua.

Sugrabai akapiga yowe. Jusab akainuka na damu inamchuruzika kifuani, akamkamata mkewe mkono, akaulaza juu ya ukingo wa jiko la mawe, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Ulivunjika. Nami, jirani mwema niliyekuja kununua halua, nikainua sinia ya shaba kwa mkono usio na mtoto nikampiga nayo kisogoni, akalala chali. Sijutii. Sinia ina kibonyeo mpaka leo, na wageni wangu wakiuliza nawaambia.

Amtulla, mkono mmoja unaning'inia, alimchukua mtoto kwangu kwa ule mzima, akamweka juu ya gunia, akaingiza kidole, akautoa ukoko wote, akautupa majivuni. Ndipo akaanguka.

Mtaani Jusab alieleza kwamba aliteleza kwenye samli. Tulimwambia pole. Angelisema kweli ingembidi amwache mkewe, na kumwacha mke kwa kuwa amekung'oa meno ni hadithi ambayo Kuze nzima ingeila kwa mwaka mzima pamoja na kahawa. Basi akameza aibu yake. Lakini mzizi wa jino moja ulibaki, ukaoza, shavu likavimba, akaitwa yule yule Muhdhar na koleo lile lile.

"Nani atamkalia miguu?" Muhdhar akauliza.

"Mimi," akasema Amtulla, mkono wake umefungwa kwa mbao na vitambaa.

Akamkalia. Mzizi ulitoka vipande vipande. Jusab alilia kwa sauti ambayo watu waliisikia wakiwa msikitini, alimwita mamake, alimwita Mungu, alimwomba Muhdhar amuue. Nilidhani Amtulla atafurahi, na kusema kweli mimi nilikuwa tayari kufurahi. Alikuwa analia. Na jina alilokuwa akilitaja si la mumewe.

Baada ya hapo hakuna aliyemgusa Batul mdomo. Wasidhani watu kwamba Jusab alielewa. Aliogopa tu, kwa sababu mkewe sasa alikuwa analala na mwiko chini ya kitanda. Sugrabai aliwatupia kunguru ukoko wake, na halua ikaendelea kuuzwa vile vile, vita vilipokwisha ikauzwa zaidi. Kila baada ya chakula cha jioni Amtulla aligawa miswaki kama agawaye sahani. Jusab naye alipewa wake, akajisugua yaliyobaki, mtoto akimcheka. Mkono wa Amtulla uliungana vibaya, haukunyooka tena, na hasira zake hazikupungua hata kidogo. Alikuwa akimfokea Batul, akimpiga makofi ya mgongo, akimbana kichwa mapajani kama mtu anayemchinja kuku, kwa sababu ya meno tu. Nilimwambia, "Shoga, mtoto atakuchukia." Akaniambia, "Na anitukie, akiwa hai."

Batul alipofika umri wa kwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani, jino la chini likaanza kucheza. Siku moja mchana alikuwa anatafuna mkate dukani kwa babake, mimi na mamake tumekaa barazani tunachambua iliki, tukasikia anapiga kelele za furaha.

"Baba! Limetoka!"

Akalitema kiganjani mwa Jusab. Jusab alilitazama. Akalifuta damu kwa ncha ya shati. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule, akalipeleka mlangoni penye mwanga akalitazama tena, na mimi nikajua anachotafuta. Anatafuta weusi. Jino lilikuwa jeupe lote, dogo, zima, limeondoka lenyewe kwa wakati wake kama mgeni aliyeaga vizuri.

"Amtulla," akaita. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ya Nooru... yangekuwa hivi?"

Amtulla aliweka chini sinia ya iliki.

"Yote," akasema.

Jusab akafumba kiganja, na kwa ule mkono mwingine akaanza kujipiga ngumi za mdomo. Si kwa kujionyesha. Alijipiga kwa nguvu zote alizowapigia wengine, mdomo ukapasuka, damu ikarukia vioo vya kabati la halua, naye akaendelea. Wateja wakarudi nyuma. Niliinuka nimshike, Amtulla akanizuia kifuani kwa mkono wake uliopinda.

"Mwate," alisema. "Mwate ajue."

Batul alikuwa akilia sasa, akimvuta babake shati. "Baba, nipe jino langu! Nnataka kulirusha paani! Nipe jino langu!"

Jusab hakumsikia. Alikuwa ameketi sakafuni, ngumi iliyofumba jino imebanwa kifuani, na kila mtoto alipomvuta aliibana zaidi. Amtulla akamwendea. Akapiga magoti mbele yake, akamfungua vidole kimoja kimoja kwa nguvu, kama vile watoto wake walivyofunguliwa vinywa, akalitoa jino, akampa mwenye jino.

Batul akakimbilia uchochoroni, akalirusha. Tulilisikia likigonga bati. Jusab naye alilisikia, akainua uso, na kiganja chake kilikuwa bado wazi.